Injini isiyokufa na lori lisilokunywa: nichukue lipi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimekuwa dereva wa kuajiriwa miaka 11, sasa nimejikusanya ninunue kichwa changu cha kwanza cha lori, kilichotumika. Nimepata viwili. Cha kwanza ni cha kiwango cha moshi cha Euro III, nguvu za farasi 380, gia za mkono, kilomita 910,000, na mwenyewe ananionyesha daftari la sevisi. Cha pili ni Euro V, farasi 460, gia za kujibadilisha, dashibodi inasoma 620,000. Daftari hakina, ila muuzaji anasema kinakwenda kilomita 2.6 kwa lita, wakati cha kwanza hakivuki 2.2. Nitabeba tani 26 hadi 28, kama kilomita 100,000 kwa mwaka, njia ina milima na vipande vya vumbi. Wenzangu wanasema farasi wengi ndio wanaokunywa mafuta, na magari ya kompyuta ni ugonjwa wa moyo. Mwingine ananishauri niongeze pesa nivute Euro VI nimalize kabisa. Nataka injini isiyokufa na isiyokunywa. Nichukue ipi?"

Ndugu yangu, hongera kwa kufika hapo. Hofu yako naielewa: usitoe akiba ya miaka 11 ukanunua chuma kinachoacha faida yote kituo cha mafuta, au kinacholala gereji wakati mzigo unapita na wengine. Nitakupa uamuzi wangu mwishoni, lakini nivumilie kwanza, kwa sababu kati ya uliyoambiwa, moja si kweli na mengine ni kweli nusu.

Tuanze na farasi. Kichwa, trela na tani zako 27 jumla yake inakaribia tani 42. Nachukua 40 kurahisisha hesabu. Kwenye lami tambarare, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kinachokuzuia ni matairi kusuguana na barabara na upepo unaougonga uso wa gari. Ukivijumlisha, magurudumu yanadai kama farasi 125 tu. Basi. Kichwa cha 380 na cha 460 hapo vinatoa farasi wale wale 125, waliobaki wamelala zizini na hawali kitu.

Tofauti inaonekana mlimani. Kilima cha asilimia 5, yaani kupanda mita 5 kwa kila mita 100, peke yake kinadai nguvu ya kuvuta karibu mara tano ya ile iliyokuwa inatosha tambarare. Farasi 380 watakipanda kwa kama kilomita 40 kwa saa, 460 kwa kama 50. Lakini mafuta ya kupandia ni karibu yale yale, kwa sababu kuinua tani 40 mita 1,000 kwenda juu ni kazi yenye uzito mmoja, ufanye haraka au polepole: ni lita 25 hadi 28 za dizeli kwa injini yoyote yenye afya. Farasi wengi hunywa pale dereva anapowatumia kukimbilia. Ukitoka 80 ukaenda 90, ukinzani wa upepo unaongezeka kwa zaidi ya robo, na kila kilomita ya tambarare inakula takriban asilimia 11 zaidi. Ni kama lita 3 katika kila kilomita 100, na zinatoka mguuni mwako.

Sasa hiyo injini isiyokufa. Najua ulitarajia nikutajie jina. Ukitazama vichwa vikubwa vya leo utaona watengenezaji wamekutana njia moja: Volvo D13, Scania DC13, MX-13 ya DAF, D2676 ya MAN, OM471 ya Mercedes, zote ni silinda sita za mstari mmoja, lita 12 na nusu hadi 13 hivi. Cummins X15 na Detroit DD15 ni umbo hilo hilo kwenye lita 15 hivi. Mercedes walikuwa na V6 na V8 kwa miaka mingi, wakarudi kwenye mstari mmoja na Actros ya mwaka 2011. Silinda sita za mstari zinajisawazisha zenyewe zisitetemeke, na krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inashikwa na beringi kuu saba. Yoyote kati ya hizi, ikitunzwa, inapita kilomita milioni moja kabla ya kushushwa kwa matengenezo makubwa. Yoyote kati ya hizi pia inaweza kufa kwenye laki tatu, nami nimeziona zikifa.

Kwa hiyo jina linakupeleka nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni hewa, maji, oili na dizeli ambavyo mwenye gari aliyekutangulia aliipitishia.

Hapa pa maji niache nikusimulie kidogo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimsindikiza rafiki kununua kichwa. Injini iliwaka kwa mguso mmoja, ikatulia kama maji mtungini. Nikasikiliza, nikatikisa kichwa kama mjuzi, nikamwambia chukua. Wiki ya sita oili ikageuka rangi ya maziwa. Tulipoivua, laina za silinda, yaani maganda ambamo pistoni hupanda na kushuka, kwa nje, upande unaoguswa na maji, zilikuwa na vitundu vidogo vidogo vimejipanga kwenye mstari kama vimechimbwa na mchwa. Viwili vilikuwa vimetoboka hadi ndani. Mwenye gari wa awali alikuwa anajaza rejeta maji ya bomba, miaka yote.

Kinachotokea ni hiki. Kila pistoni inaposukumwa na moto inaigonga laina kando, na laina inatetemeka kwa kasi. Kwa nje, maji yanashindwa kuufuata mtetemo huo, viputo vidogo vinazaliwa na kupasuka, na kila kinapopasuka kinagonga chuma kama nyundo ya sindano. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea chenye dawa zake, hujenga utando unaojiziba kila unapochubuka. Maji matupu hayana utando huo. Kwa miaka hiyo yote gari linavuta vizuri, halipati joto, halitoi moshi, na sauti haikwambii lolote. Tangu siku ile siinunui injini kwa masikio.

Hewa ni jambo la pili, hasa kwa vipande vyako vya vumbi. Vumbi la barabara ni mchanga wa silika, na silika ni ngumu kuliko ringi za pistoni. Filta ikiwa nzuri lakini mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo, inayosukuma hewa ndani ya injini, una ufa, injini inavuta vumbi moja kwa moja na inaweza kuchakaa ndani ya msimu mmoja. Fungua bomba hilo, ingiza kidole ufute ndani, upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, funga bomba, shukuru, ondoka.

Wenzako wanaosema kompyuta ni ugonjwa wa moyo wana nusu ya ukweli. Kompyuta yenyewe ni nadra kufa. Kinachosumbua ni waya zilizosuguliwa na sensa zilizoshika uchafu, na zaidi ya yote dizeli chafu. Tairi lako lina bar 8 au 9. Ndani ya mfumo wa mafuta wa injini ya kisasa kuna bar 2,000 na kuzidi, na vipande vinavyosuguana ndani ya nozeli zinazonyunyizia dizeli vimeachana nafasi ya mikroni chache tu, yaani elfu chache za milimita. Tone la maji au punje ya kutu ambayo pampu ya zamani ingeitema, hapo inaacha mkwaruzo wa kudumu. Ukiwa mtu wa kutoa maji kila asubuhi kwenye chujio linaloyatenganisha na dizeli na kubadilisha filta kabla hujalazimishwa, injini ya kompyuta itakutunza. Ukiwa mtu wa kununua dizeli kwenye madumu njiani, kaa mbali nayo.

Hapo ndipo Euro VI ya rafiki yako inapoingia. Namba za Euro ni viwango vya moshi, lakini nyuma yake zinabeba pia mafuta ambayo injini iliandaliwa. Ulaya ilipoleta Euro III mwaka 2000, dizeli iliruhusiwa salfa sehemu 350 kwa milioni. Euro IV ikashusha hadi 50. Euro V hadi 10. Euro VI inakuja na chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na salfa ikizidi, chujio na vichocheo vyake vinaziba na kupoteza nguvu. Kama vituo vyote vya njia yako vinauza dizeli ya salfa 10 au 15, Euro VI ni gari zuri sana. Kama hujui, ulizia hilo kabla ya kuulizia bei ya kichwa. Na usikubali gari lililong'olewa chujio au kudanganywa mfumo wa AdBlue, dawa ya kusafishia moshi: katika nchi nyingi ni kosa, na kompyuta iliyochokonolewa na mtu asiyejulikana ni mzigo utakaourithi wewe.

Mafuta na moshi vina uhusiano ambao watu huuona kinyume. Dizeli ikiungua kwa joto kali inatoa kazi nyingi kwa lita, lakini joto hilo hilo huzalisha oksidi za naitrojeni, na sheria inazibana. Watengenezaji walikuwa na njia mbili kuu. Moja ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili moto upoe. Moto ukipoa masizi yanaongezeka, rejeta inabeba joto zaidi, na kipozea moshi kinakuwa kidonda kipya. Nyingine ni kuacha moto uwake vizuri kisha kuusafisha moshi nje ya injini kwa yurea, ndiyo AdBlue, ambayo ni yurea asilimia 32.5 na maji. Ndiyo maana Euro V nyingi zenye yurea zinakunywa kidogo kuliko Euro III zilizocheleweshewa mchomo ili moto upoe. Navistar ya Marekani ilijaribu kufuata njia ya kwanza peke yake kwa viwango vya 2010, na mwaka 2012 ikalazimika kugeuka na kukubali yurea. Nakutajia hilo ili ujue kwamba kwenye magari yaliyotumika, mfumo wa moshi unastahili maswali mengi kuliko nembo iliyo usoni.

Twende kwenye hesabu yako. Kilomita 2.2 kwa 2.6 kwa lita, kwenye kilomita 100,000, ni karibu lita 7,000 kwa mwaka. Ni nyingi, na muuzaji anajua ni nyingi, ndiyo maana amekutajia. Lakini injini yenyewe, Euro III nzuri dhidi ya Euro V nzuri, haitengenezi tofauti hiyo yote. Mimi ningeipa asilimia 5 hadi 8, tuseme lita 2,300 hadi 3,600. Nyingine zinatoka kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma), matairi, mwendo, mizigo waliyobeba, na kuunguruma gari likiwa limesimama. Injini kubwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kutembea, inakula lita 2 hadi 4 kwa saa. Saa nne kwa siku, siku 300, ni karibu lita 3,600. Umeona? Kuzima gari kwenye foleni ya kupakia kunaweza kukulipa sawa na kubadilisha kizazi kizima cha injini.

Difu usiipuuze. Ukiwa kwenye matairi ya 315/80 R22.5 na gia ya juu isiyo na upunguzo, kwa kilomita 80 kwa saa difu ya 2.85, yaani injini mizunguko 2.85 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, inazungusha injini kama mara 1,160 kwa dakika, ya 3.42 kama 1,390, na ya 4.11 kama 1,670. Mizunguko mingi ni msuguano mwingi bila kazi ya ziada. Huhitaji hata kusoma kibati cha difu: endesha, weka gia ya juu, shika 80, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukiwa katikati ya ukanda wa kijani, sawa. Ukipita 1,600, hicho kichwa kilizaliwa kwa machimbo au ujenzi, na kitakunywa hata ukikiendesha kwa maombi. Kwa njia ya milima na mzigo wako, difu ya kati, 3.1 hadi 3.4, ingenifurahisha zaidi kuliko ile ndefu kabisa.

Gia za kujibadilisha zinamsaidia sana dereva wa kawaida. Wewe una miaka 11 mkononi; mafuta zitakayokuokolea ni machache.

Ukienda kukagua, fika mapema kuliko mlivyoahidiana. Kabla ya salamu ndefu, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla hujaja, na unataka kujua kwa nini. Omba ipoe, hata kama ni kurudi kesho. Ikiwa baridi, fungua rejeta kwanza: unataka kulanti yenye rangi yake. Maji ya kutu unayakumbuka kutoka hadithi yangu. Kisha iwashwe mbele yako. Moshi mweupe unaokwisha mapema si neno. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mzito ni hewa haitoshi au nozeli zinamwaga. Injini ikishapata moto, legeza kifuniko cha kumiminia oili. Mvuke mwepesi ni kawaida. Ikiwa inapuliza kwa mapigo hadi kifuniko kinacheza, ringi na laina zimechoka, na unapaswa kuhesabu gharama ya kuishusha injini ndani ya bei unayotaja.

Halafu mlete fundi wa dizeli mwenye kompyuta ya kusomea. Hapa ndipo nakuomba usibane pesa, na asiwe fundi wa muuzaji. Kwenye kichwa cha pili atakusomea mambo matatu: jumla ya saa za injini, saa za sailensa na jumla ya lita zilizotumika tangu gari lizaliwe. Gari la masafa marefu hutembea wastani wa kilomita 50 hadi 60 kwa kila saa ya injini, kwa hiyo 620,000 zinapaswa kuja na saa kama 11,000. Kompyuta ikisema 19,000, ama gari limeunguruma sana limesimama, ama dashibodi imerudishwa nyuma. Na ikisema limetumia lita 260,000, gawanya mwenyewe: ni kilomita 2.4 kwa lita. Zile 2.6 zitakuwa zimebaki mdomoni mwa muuzaji.

Kwa vichwa vyote viwili, chota oili ikiwa ya moto uipeleke maabara. Watakuambia kiasi cha chuma, shaba, silika ya vumbi, sodiamu au potasiamu inayoashiria kulanti kupenya, na kama dizeli inachanganyika na oili. Angalia tu oili isiwe imebadilishwa juzi, maana oili mpya haina ushahidi. Ikiwa mpya, muulize mwenye gari aliiweka wapi filta ya zamani, uipasue utazame vipande vya chuma kwenye mikunjo.

Uamuzi wangu sasa. Kwa maelezo uliyonipa, ningechukua cha kwanza, cha Euro III, iwapo oili yake itatoka maabara safi na daftari litaonyesha kulanti na filta, si oili peke yake. Kitakunywa zaidi, ndiyo. Lakini unajua unanunua nini, kinavumilia dizeli isiyo kamilifu, na fundi wengi wanaweza kukifungua. Kilomita 910,000 maana yake pia ni kwamba siku ya kukishusha haiko mbali, kwa hiyo uliza leo bei ya seti ya laina, pistoni, ringi na beringi, ugawanye kwa bei ya lita moja ya dizeli. Ukigeuza kila kitu kuwa lita utaweza kukilinganisha na zile lita 3,000 hivi za mwaka unazoziogopa.

Nitabadilisha mawazo kwa cha pili endapo mambo matatu yatakaa pamoja: saa za injini zikubaliane na dashibodi, dizeli ya njia yako iwe na salfa 50 au chini, na kuwe na mtu wa kukisoma kwa kompyuta mahali unapofikia kwa siku moja. Likikosekana moja, ile akiba ya mafuta italala nawe chini ya mti ukisubiri nozeli. Na muuzaji akikataa kuwasha injini baridi au kuchotwa oili, hapo hakuna cha kujadili, hata kama rangi inang'aa.

Ukishapata karatasi ya maabara na usomaji wa kompyuta, niandikie tena na unitajie chuma, silika, saa za injini na saa za sailensa. Kwa namba hizo nitaweza kukwambia mengi kuliko leo.